Sukari ya Ndani, Sukari ya Nje

Kumnunia mwanamume unayegawana naye meza ya kazi si jambo la kukurupuka. Lazima ujipange. Mimi nilijipanga hivi: salamu nampa, maana hata adui husalimiwa, chai sinywi naye, na macho yangu hayapandi kupita kifungo cha pili cha koti lake jeupe. Juu ya kifungo kile kulikuwa na shingo, na juu ya shingo kulikuwa na uso ambao ukinitabasamia tu, nimekwisha. Kwa hiyo tangu Jumanne hadi ile Ijumaa nilikijua kile kifungo kuliko fundi aliyekishona.

Pale maabara wanamwita Mchuzi. Jina lenyewe halina ubaya, lina historia ya kazi. Sisi tunatengeneza seli bandia. Watu wakisikia hivyo hudhani tunaumba viumbe ndani ya chupa, na shangazi yangu aliwahi kuniuliza kama vinang'ata. Having'ati. Ni vitone vidogo ambavyo jicho tupu haliwezi kuviona, nje vina ngozi ya mafuta, ndani vina maji yenye vimeng'enya tulivyovitoa kwenye vijidudu halisi. Havili, havizai, na kazi vinayoijua ni moja tu: vikikutana na madini ya risasi ndani ya maji, vinawaka kijani. Mji wenye mabomba ya zamani unaweza kunywa risasi miaka na miaka bila kuona rangi wala kusikia harufu, na wanaoumia kwanza ni watoto. Ukiwa na vitone vyetu unamimina maji kidogo, unasubiri, unatazama. Kijani, usinywe.

Mimi natengeneza ngozi, pamoja na maji ya nje ambamo vitone vinaelea. Yeye anatengeneza kile cha ndani, ambacho sote tunakiita mchuzi, na ndipo jina lilipomganda.

Sasa, amani yote ya kitone iko kwenye sukari. Sukari ya ndani na sukari ya nje lazima zilingane. Ya ndani ikizidi, maji yanaingia, kitone kinavimba hadi kinapasuka. Ya nje ikizidi, maji yanatoka, kitone kinasinyaa kama zabibu kavu. Ndiyo maana Mkuu wetu wa maabara, mama mfupi mwenye sauti ya kuamrisha gwaride, alibandika sheria ukutani kwa herufi kubwa: ANAYEGUSA SUKARI ASEME. Unayegusa unasema kwa sauti, mwenzako anajibu "nimesikia", na mpaka neno hilo lisemwe hakuna anayeendelea. Hatujibu "sawa", hatujibu "haya", hatutikisi kichwa. "Nimesikia" maana yake nimekwisha kubadilisha hesabu zangu zifuate zako.

Mapenzi yetu yalianzia kwenye neno hilo. Siku moja nilisema, "Naongeza ya nje!" na jibu likachelewa. Nikageuka kumkaripia, nikamkuta ameshika pipeti hewani, ananitazama shingo.

"Umesikia au hukusikia?" nikamuuliza.

"Nimesikia," akasema, taratibu, kama mtu aliyeulizwa jambo jingine kabisa.

Kuanzia hapo tukawa tunakunywa chai pamoja, halafu tunatoka pamoja, halafu tukaanza kuzungumzia nyumba yenye madirisha makubwa. Kilichobaki kilikuwa mama yake. Mama mtu alikuwa hanijui, lakini alikuwa hanitaki. Hakuwa na ubaya na sura yangu wala ukoo wangu. Alichokataa ni meza. Mume na mke, alisema, hawafanyi kazi meza moja. Yeye na mumewe walikuwa na duka la ushonaji, mume anakata, mke anashona, na duka lile ndilo lililoivunja nyumba yao.

Siku ya Jumanne, Mchuzi akaja ameangaza uso. Nilikuwa kwenye sinki nasugua vyombo.

"Mama amekubali," akaninong'oneza.

Nikaacha kusugua. "Amekubali nini?"

"Twende kwenu. Amekubali!"

Moyo ulinipaa. Kama si glavu zenye povu ningemrukia mbele ya watu. "Amekubali vipi? Si juzi tu alisema afadhali ubaki mseja?"

"Nimemtuliza."

"Umemtulizaje?"

Akakuna sikio. Huyu bwana akikuna sikio ujue kuna namna. "Nimemwambia utahamia kule chini, kitengo cha vipimo."

"Nani atahamia?"

"Ni maneno tu, mpenzi. Ya kumpoza. Tukishaoana atazoea."

"Ngoja kwanza. Kitengo cha vipimo kimeniita?"

"Hapana."

"Mkuu amenihamisha?"

"Hapana."

"Mimi mwenyewe nimeomba?"

Akakuna sikio tena.

"Basi umenihamisha wewe," nikasema. "Mbona hukumwambia utahama wewe?"

Hapo angeweza kusema lolote. Angesema amekosa, angesema hakufikiria, hata angelia ningemwelewa. Lakini akasema hivi, kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo lililo wazi: "Kwa sababu mchuzi hakuna mwingine anayeujua."

Nikavua glavu, moja, halafu ya pili. Kwa maana hiyo, ngozi inaweza kutengenezwa na mpita njia yeyote.

"Basi oa mchuzi," nikamwambia, nikaondoka.

Usiku ule nililia, sitaficha. Nilikuwa nampenda, na hilo ndilo lililokuwa linaniuma. Mtu usiyempenda akikudharau unacheka tu.

Jumatano vitone vikaanza kuvimba. Niliviona kwenye skrini kubwa iliyounganishwa na hadubini: vimenenepa, vimekaza, vingine vimepasuka na kuacha matambara ya ngozi yakielea. Mchuzi mpya ulikuwa mzito mno. Siku ya kawaida ningesema, "Jamani, ya ndani imezidi!" na yeye angejibu, na kazi ingekwenda. Lakini kusema kwanza kulikuwa kama kushindwa. Nikajiambia, kwani tatizo nini? Nitaongeza sukari ya nje, zitalingana, yaishe. Nikaongeza. Sikusema.

Alhamisi jioni kila mmoja wetu akaweka chupa yake kwenye mashine ya kuunganisha, ile inayofunga mchuzi ndani ya ngozi usiku kucha, tukatoka kwa milango tofauti. Ijumaa alasiri watu wa idara ya maji wangekuja kuona vitone vikifanya kazi. Hilo lilikuwa linajulikana tangu zamani. La pili nilikutana nalo kwenye simu, nikiwa nakoroga uji wangu wa jioni.

"Mama anakuja kesho," ujumbe wake ulisema. "Anataka kukuona ukiwa kazini. Anasema mtu hajulikani kwa chai, hujulikana akiwa na kazi mkononi."

Nikampigia shangazi yangu, aliyenilea, maana nilihitaji mtu wa kunitia moyo. Nilikosea mtu.

"Huyo huyo Mchuzi?" akauliza.

"Ndiyo, shangazi. Ni jina la utani."

"Mimi nitasimama mbele ya watu niseme bwana harusi ni Mchuzi?"

"Ana jina lake la kweli."

"Na mama yake hakutaki."

"Hanitaki mezani. Nikihama, atanitaka."

"Basi hama. Meza ni kitu cha kufia?"

"Shangazi, miaka yote ile ya kusoma, uliuza viti vya sebuleni..."

Nikasikia anavuta pumzi. "Viti vile," akasema hatimaye, "sikuviuza ili ukae pale mtu anapokuambia. Usihame kwa maneno ya kuambiwa na mwingine. Ukitaka kuhama, uhame kwa mdomo wako. Haya, lala. Na kesho vaa lile gauni la buluu."

Nikavaa la buluu.

Mama yake aliwasili asubuhi mapema, na mkoba mkubwa, na miwani iliyoning'inia kwenye mkufu. Alikuwa mrefu, amenyooka kama rula. Mwanawe alikuwa amesimama pembeni yake kama mtu aliyeletwa shuleni na mzazi baada ya kosa.

"Shikamoo, Mama," nikasema.

"Marahaba, binti." Akanipima kuanzia viatu, akapanda, akaishia begani. Akavaa miwani. "Koti hili nani kakushonea?"

"La kiwandani, Mama. Tunagawiwa."

"Bega halijakaa." Akalivuta kidogo, akaliachia. "Utafanyaje kazi nguo inakuvuta? Haya. Nionyeshe."

Tukampa koti na yeye. Lilimkaa vibaya zaidi, akalitazama kwa huzuni ya kitaalamu. Nikampitisha mezani, nikamweleza ngozi, nikamweleza risasi, nikamweleza ile kijani. Alisikiliza vizuri. Aliuliza kama vitone vikibaki kwenye maji vinadhuru mtu, nikamwambia maji ya kupimia hayanywewi, yanamwagwa kwenye chombo chake. Aliuliza vinaishi muda gani, nikamwambia haviishi, vinafanya kazi mpaka mchuzi uishe nguvu. Akaitikia kwa kichwa. Nikaanza kumpenda kidogo, jambo ambalo sikulipanga.

Kisha akasema, "Ni kazi nzuri. Na nasikia unahamia chini. Umefanya busara, binti."

Nikainua macho. Nilipita kifungo cha pili, nikapita shingo, nikamtazama mwanawe usoni kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Alikuwa amekonda. Nikamwachia nafasi yote, kimya changu chote nikampa, ajaze yeye.

Akatazama viatu vyake.

Hapo ndipo Mkuu alipoingia, akamwamkia mgeni, na bila kupoteza muda akawasha skrini. "Tuone vya leo kabla watu wa maji hawajaja."

Vitone vikatokea. Havikuwa vimevimba. Vilikuwa vimesinyaa vyote, ngozi imekunjamana, vingine vimejikunja kama mfuko mtupu. Mkuu akatonesha yale maji yetu ya majaribio yenye risasi, tukasubiri. Kijani haikuja. Badala ya kumeta, skrini ilibaki kiza na makunyanzi.

"Nani kagusa sukari?" Mkuu akauliza.

"Mimi," nikasema.

"Mimi," akasema yeye, wakati uleule.

Tukageukiana.

"Wewe umegusa?" nikamuuliza.

"Niliona vimevimba. Nikapunguza ya ndani. Na wewe?"

"Nikaongeza ya nje."

Mkuu hakupaza sauti, na hiyo ndiyo iliyotutisha. Alinyoosha kidole ukutani, kwenye zile herufi zake, akakiacha pale. Halafu akasema, "Alasiri nitawaleta wageni hapa. Sitaki kuwaonyesha zabibu," akatoka.

Mama mtu alikuwa bado anatazama skrini. Alikuwa ameshika ule mkufu wa miwani.

"Gauni la harusi," akasema.

"Mama?" nikauliza.

"Bibi harusi alikuja kujaribu, kiunoni linapwaya. Baba yake huyu akalichukua, akapunguza kitambaa. Hakuniambia, tulikuwa hatusemi siku hiyo. Mimi nikaja nikafuata vipimo vyangu vya zamani, vilivyosema linapwaya, nikaingiza mshono. Sikumwambia. Msichana wa watu alipolivaa asubuhi ya harusi hakuweza kupumua." Akavua miwani. "Nililipasua ubavuni kwa mkono huu, nikatia kipande cha kitambaa kisichofanana. Mama wa bibi harusi akauliza, nani kafanya? Mimi nikasema yeye. Baba yake huyu akasema mimi. Tukasema hivyo hivyo mpaka alipoondoka nyumbani."

Mashine ya kuzungusha chupa ilikuwa inanguruma kule pembeni.

"Sasa mmeona wenyewe," akamalizia. "Nasema mmoja ahame, mnadhani nina roho mbaya."

Ningebishana vipi? Ushahidi ulikuwa ukutani, umepanuliwa ukubwa wa mlango. Nikasema nakwenda kuchukua mafuta, nikaingia chumba cha baridi tunakohifadhi malighafi. Mchuzi akanifuata, akafunga mlango.

Chumba kile ni kizuri kwa ugomvi. Huwezi kugombana mle kwa muda mrefu, meno yanagongana.

"Mbona hukusema umepunguza?" nikamuuliza.

"Mbona hukusema umeongeza?"

"Nilikuwa nimekununia."

"Najua. Hata kifungo changu kinajua."

Sikucheka. Nilitaka kucheka, nikauma shavu kwa ndani.

"Nisikilize," akasema. "Kwetu mimi ndiye nilikuwa daraja. Mama anasema, mwambie baba yako uzi umekwisha. Baba amekaa pale pale, anasikia. Naye anasema, mwambie mama yako akanunue. Nikajifunza kulainisha njiani. Mama akisema mwambie mpumbavu yule, mimi nafikisha, baba, samahani. Nimekua hivyo. Mtu akikasirika, mdomo wangu unatafuta jibu tamu la kumpa, hata kama jibu lenyewe ni la mtu mwingine."

"Mimi si baba yako wala mama yako."

"Najua."

"Na ngozi je?"

"Ngozi imefanya nini?"

"Ulisema mchuzi hakuna mwingine anayeujua."

Akafumba macho. "Nilisema ujinga."

"Endelea."

"Bila ngozi yako mchuzi wangu ni uchafu uliomwagika mezani, mtu anakuja na kitambaa anaufuta."

"Endelea."

"Meno yananigonga."

"Endelea hivyo hivyo."

"Hakuna mwingine anayeijua ngozi. Nimekutazama mwaka mzima, na kama ningeambiwa niifanye, ningeiharibu siku ya kwanza. Nilijua hivyo hata nilipokuwa nasema. Nilisema kwa sababu niliogopa Mama akikataa tena, utachoka, utaniacha."

"Sikuwa nimechoka," nikasema. Sauti yangu haikutulia, nikaulaumu ubaridi. "Nakupenda, mjinga wewe. Lakini siolewi kwa uongo. Mama yako akinipokea kwa sababu nahama, siku atakayojua sikuhama hatakuchukia wewe. Atanichukia mimi. Na atakuwa na haki."

"Nifanye nini?"

"Kamwambie. Mimi nikiwepo. Na usilainishe."

Alisimama kidogo, pumzi yake inatoka kama moshi. Kisha akachukua kopo la mafuta kutoka mkononi mwangu, akalibeba yeye, tukatoka.

Mama yake alikuwa ameketi kwenye kiti kirefu karibu na dirisha.

"Mama," Mchuzi akasema, "nilikudanganya. Huyu hahamii chini. Hakuwahi kusema atahama. Hata hakujua kama nimekuambia hivyo, nilimwambia baadaye. Nililitunga ili ukubali."

Mtu mwingine angepiga kelele, ningeelewa. Yeye aliuliza polepole, "Ulinidanganya mimi?"

"Ndiyo, Mama."

"Nikakubali, nikawaambia mpaka dada zangu."

"Ndiyo."

Nikaona mkono wa kulia wa Mchuzi ukielekea kwenye sikio, akaushusha kwa nguvu. Alikuwa anatamani kulainisha, na hakulainisha. Kama kuna siku niliyomchagua mwanamume yule kwa akili zangu zote timamu, ni pale.

Mama akanigeukia. "Na wewe, binti, ulijua?"

"Nilijua Jumanne, Mama. Ndiyo maana hatukuwa tunasemezana. Ndiyo maana ya hivi." Nikaonyesha skrini.

"Nilipokusifu asubuhi kwa kuhama, mbona ulinyamaza?"

"Lilikuwa lake kulisema."

Mama akajiweka vizuri kitini. "Nitakaa hapa," akasema. "Fanyeni kazi yenu."

Tukaanza upya. Hakukuwa na muda wa kupoteza, alasiri haikuwa mbali. Yeye akapima mchuzi, mimi nikachanganya mafuta, na mwanzoni tulikuwa wakavu kama makarani.

"Naongeza ya nje, nusu ya nilivyoongeza Jumatano!"

"Nimesikia. Napunguza ya ndani, nusu ya nilivyopunguza!"

"Nimesikia."

Tukaenda hivyo. Mahali fulani katikati nilikuwa nahesabu kichwani, hesabu ilikuwa ngumu, na yeye akasema, "Naongeza ya ndani kidogo!" Sikujibu. Akasimama na pipeti yake juu ya chupa, tone likining'inia kwenye ncha.

"Unangoja nini?" mama yake akauliza kutoka dirishani. "Muda si unakwenda?"

"Hajajibu, Mama."

"Anakusikia. Yuko hapo."

"Anasikia, lakini hajasema."

"Na asiposema?"

"Siendelei."

"Hata kama wageni wako mlangoni?"

"Hata kama wameingia, Mama."

Nikamaliza hesabu yangu. "Nimesikia," nikasema, na tone likaanguka ndani ya chupa.

Mama hakuuliza kitu tena. Nilimwona mara moja kwa pembe ya jicho: alikuwa anasoma ukutani, midomo inatembea.

Mashine tuliikimbiza kadiri inavyovumilia. Vitone vilipotokea kwenye skrini vilikuwa mviringo, wastani, havikuvimba wala kusinyaa, vimejaa kama vinavyotakiwa. Mchuzi akatonesha maji ya majaribio. Tulikaa wote watatu tukitazama. Mwanzoni hakukuwa na kitu. Kisha kimoja kule pembeni kikapata rangi, dhaifu, ukikitazama sana unadhani macho yako yanakudanganya. Halafu cha pili. Halafu vikaanza kuwaka makundi makundi mpaka skrini nzima ikawa ya kijani, na koti la mama mtu likawa la kijani, na uso wa mwanawe, na mikono yangu.

"Hiyo ndiyo risasi?" akauliza.

"Ndiyo, Mama."

"Na mtoto angeyanywa hayo."

"Angeyanywa. Hayana ladha."

Akaguna. Tukasikia Mkuu kwenye korido akikaribisha watu wa maji kwa sauti yake ya gwaride. Mama akashuka kwenye kiti, akavua lile koti, akalikunja vizuri kuliko linavyostahili. Akaja mpaka niliposimama, akatoa pini kutoka kwenye ukosi wa gauni lake, akavuta koti langu begani, akalibana. Alifanya kazi ile kwa utulivu, na nilisikia vidole vyake vikali kwenye mfupa wangu. Bega likakaa.

"Mama," Mchuzi akasema nyuma yake.

Hakugeuka. "Sema."

"Nataka twende kwao mwezi ujao, mimi na wewe. Huyu hahami. Mimi sihami. Tutabaki kwenye meza hii. Na nikianza tena kumjibia, yeye mwenyewe atakuambia."

Halafu akanyamaza. Alikuwa amesimama na pipeti mkononi kama alivyosimama mchana ule juu ya chupa, na nilijua hatasema neno jingine, hataongeza sukari, hataondoa. Wageni walikuwa wamefika mlangoni. Mkuu alikuwa ameshika kitasa. Mimi nilikuwa sipumui, na pini ile ingeweza kunichoma nisihisi.

Mama akachukua mkoba wake. Akaitazama meza, upande wangu, kisha upande wa mwanawe. Akatazama ukutani.

"Nimesikia," akasema.

Na sheria yetu ni moja: neno hilo likishasemwa, kazi inaendelea. Mlango ukafunguliwa, nikawakaribisha watu wa maji.